Nilizima Kompyuta Wakati wa Maziko

Wenzangu, tangu Jumamosi naikwepa lifti ya jengo letu hapa Scarborough, nisije nikakutana na Mama Neema. Mimi ndiye niliyejitolea kumtengenezea kompyuta yake kuukuu, aweze kuangalia moja kwa moja maziko ya mama yake mzazi kule Bukavu. Kusafiri hakuweza.

Picha ilikuwa inakwamakwama. Nikamweleza taratibu, kama ilivyo kawaida yangu: "Usihofu, dada. Mashine imezeeka na tumeibebesha mengi. Tunafunga kurasa tusizozihitaji, kisha tunapunguza ubora wa picha." Kweli, kwaya ikaimba bila kukatika. Alinishika mkono akalia, nami, mjinga, nikavimba kichwa.

Jeneza lilipofikishwa kaburini, picha ikaganda tena. Hakuna aliyetikisika, wala sauti haikusikika.

"Kaka, iache kwanza," alisema.

"Dakika moja tu, dada," nikajibu, nikaizima na kuiwasha upya.

Mashine ile iliamka kama mzee mwenye maumivu ya mgongo. Picha iliporudi, vijana walikuwa wanasawazisha udongo juu ya kaburi.

Simu ikalia. Mama Neema akaweka sauti ya juu. Alikuwa mdogo wake, akipiga kutoka makaburini: "Yaya, dada yangu, umeona tulivyosimama kimya wote, hata watoto, tukimuombea Mama mbele ya kumshusha?"

Mama Neema alininyooshea simu.

"Mweleze wewe, kaka," akasema. "Unajua sana kueleza."