Beseni Nililolibariki Mtoni

Nakiri kosa langu nikicheka. Jumamosi iliyopita niliandamana na mjukuu wangu Achieng' na darasa lake hadi mtoni, nyuma ya mtaa wetu wa Kware, kutafuta wadudu wanaoonyesha kama maji bado yana uhai. Asubuhi nzima hatukupata kitu. Kisha Achieng' akapiga kelele: mtoto wa kereng'ende! Mwalimu alimtia ndani ya beseni la maji, akasema bila huyo mmoja ripoti yao ingesema mto umekufa. Niliruka kwa furaha, na uzee huu!

"Mzee, hebu tuombee," mwalimu alisema, akanishikisha beseni ili avue glavu.

Kanisani kwetu, mzee akipewa maji wakati wa maombi, huyabariki na kuwanyunyizia waumini. Sikuuliza. Nilifumba macho, nikamshukuru Mungu kwa kila kiumbe, nikachota kwa kiganja na kunyunyiza kushoto na kulia, mpaka beseni likabaki tupu.

"Amina!"

Nilifumbua macho.

"Babu," Achieng' alininong'oneza, "usisonge hata kidogo. Mdudu wetu yuko kwa miwani ya mwalimu."