Kuku wa Wakwe na Hindi la Mfukoni

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimeuza viazi katika soko la Gakoromone, Meru, tangu siku za kuvibeba mgongoni mpaka nikanunua lori, nikanunua la pili, nikajenga ghorofa ambayo ngazi yake niliisahau nikaja kuibandika kwa nje. Nimeona fundi akijichomelea ndani ya tangi la maji. Nimeona mganga akiibiwa kiti alichokalia. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu dirisha lilikuwa linanifundisha vizuri kuliko mwalimu, na bado walimu ndio wanaokuja kwangu kukopa.

Kwa hivyo daktari wa Embu aliponiambia nina ADHD, sikushangaa. Nilikasirika.

Ni mke wangu aliyenipeleka. Nilikuwa nimetoka Meru na lori la ndizi kwenda kuzishusha Embu, nikarudi jioni na ndizi zote, na ng'ombe amesimama juu yake anazila. Ng'ombe mwenyewe nilimnunua njiani kwa bei nzuri, mtu asije akasema nilipata hasara. Lakini mama watoto alilizunguka lori mara mbili akasema, "Kesho tunaenda hospitali."

Daktari alikuwa msichana mpole. Akaniuliza maswali mengi. Alipomaliza, mimi nilikuwa nimeshang'oa kitasa cha mlango wake kilichokuwa kinapiga kelele, nikakipaka mafuta yake ya mikono na kukirudisha. Akasema nimezaliwa na akili isiyotulia mahali pamoja, kwamba si aibu, na dawa iko. Nikamuuliza ni watu gani huwa nayo. Akasema mara nyingi hugunduliwa kwa watoto.

Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye malori mawili, nipewe ugonjwa wa watoto.

"Mtu akijua," nilimwambia mke wangu njiani, "nitasema mgonjwa ni wewe."

"Sema," akajibu. "Watatuangalia sisi wawili na wataamua."

Vidonge nilivificha kwenye kopo la misumari. Mahali pangu pa kazi nina makopo mengi ya misumari. Nilivipata vile vidonge baada ya wiki mbili, nikitafuta misumari.

Sasa, kifungua mimba wangu alikuwa amempenda msichana wa Kibugu, upande wa Embu, binti wa wakulima wa chai, na siku ya kupeleka mahari ikafika. Kwa mkutano kama huo baba wa kijana haongei. Ana msemaji wake, yeye kazi yake ni kukaa na kuonekana mtu mzito. Mimi, kukaa kutoka asubuhi hadi saa tisa bila kufungua mdomo! Afadhali ningeambiwa niibebe hiyo nyumba yao niipeleke Meru. Na sikutaka wajue. Wangesema kijana wangu ni damu yangu, kwamba siku moja atampeleka mtoto wao sokoni arudi na ng'ombe.

Daktari alikuwa amesema nishughulishe mikono na kitu kidogo. Mke wangu akanitilia hindi kavu katika kila mfuko wa koti. "Pukuchua polepole," akasema. "La kulia likiisha, ingia la kushoto. Na usiongee."

Nakwambia, nilikaa. Msemaji wetu alikuwa kaka yangu mkubwa, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kumsikia akianza sentensi na kuimaliza. Alizungumzia mbuzi, akazungumzia blanketi, mimi natikisa kichwa na vidole vinafanya kazi.

Shida ni kwamba mfuko wa kulia ulikuwa na tundu. Nilikuwa nimeahidi kuushona tangu koti likiwa jipya.

Alianza kuku mmoja. Halafu wakaja wawili, halafu mama na vifaranga, halafu jogoo mkubwa mwekundu, wakanizunguka kiti kana kwamba nimewaitia mkutano.

Msemaji wao akainama kuwatazama. "Muthoni," akaniita, yaani mkwe, "kuku zetu zinakujua wapi?"

Watu wakacheka. Nikaruka kusimama, na kiatu changu kikamshukia yule jogoo shingoni. Alikufa bila hotuba.

"Na haya mahindi ni ya nini?"

"Si kitu," nikasema, mimi nisiyetakiwa kusema. "Naongeza ng'ombe wawili. Tuendelee."

Mama wa msichana akayatazama mahindi, akanitazama mimi. "Mtu anatoa ng'ombe wawili tusiulize mahindi? Hayo yametoka kwa nani?"

Ndipo nilipoelewa. Walidhani nimeyatoa kwa mganga, ni dawa ya kulainisha mioyo yao ili tupewe msichana kwa bei ya chini. Bibi mmoja akainua miguu kutoka sakafuni.

"Lakini kama ni dawa ya kupunguza mahari," kijana mmoja akauliza, "mbona anaongeza?"

"Imemgeukia," bibi akasema.

Tukaomba kutoka nje. Kaka yangu akaniambia, "Sema ukweli ama turudi Meru bila msichana."

"Nitasemaje mimi nina ugonjwa wa watoto?"

Kijana wangu alikuwa kando, koti jipya, uso umekauka. "Baba, msichana mwenyewe anajua," akasema. "Siku ulipoenda kumchukua aje kutusalimia, si ulimwacha kwenye kituo cha petroli ukafika nyumbani ukiuliza mgeni yuko wapi? Alikuja kwa miguu. Na bado ananitaka."



Nikarudi ndani. Nikatoa mahindi yote mawili nikayaweka mezani karibu na sahani ya mukimo, viazi vya kupondwa, nikawaambia: ndizi, ng'ombe, kitasa, zile herufi nne. Nikaongeza kwamba ni kwa akili hiyo hiyo nimenunua malori mawili, maana hilo nalo ni kweli. Sisemi kwamba tangu siku ile nimejikubali. Kuna asubuhi naamka nikimtafuta yule mtu mwingine ambaye ningekuwa.

Baba wa msichana, ambaye naye hakutakiwa kuongea, akakohoa. "Huyo ng'ombe wa ndizi, ulimuuza?"

"Niko naye."

"Anakamuliwa?"

"Anajaza ndoo."

"Basi huyo ndiye wa kwanza wa mahari."

Msemaji wao akasema mahari inabaki pale pale ilipokuwa, wale wawili wa kuongeza nikae nao. Ila kuna jogoo. "Jogoo hakuwa na ugonjwa wowote," akasema.

Bibi akashusha miguu chini akataja bei. Mimi, ambaye sijawahi kununua hata kiberiti bila kupunguziwa, niliingiza mkono mfukoni, nikapata punje za mahindi, nikamkopa kaka yangu na kulipa vile vile alivyosema: shilingi elfu moja mia tatu na hamsini.