Kilio Kilichokatwa Majina

Mjukuu wangu ndiye anayeandika, kwa kuwa mimi sikupelekwa shule. Nimemwonya asipambe wala asipunguze. Mambo haya yanamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote, maana aliyelia ni mimi, na aliyeliliwa ni mama yake.

Binti yangu aliolewa upande wa Ekero, kwenye mashamba ya miwa, akafia huko na kumwacha huyu mjukuu angali ananyonya. Kwetu, mama wa marehemu haingii katika boma la msiba kimya. Huanza kulia kwa wimbo tangu barabarani, na ndani ya wimbo huo humwita marehemu kwa majina yake yote: jina la bibi alilorithishwa, ukoo wa baba, ukoo wa mama, na yale majina madogo aliyoitwa jikoni alipokuwa akijifunza kusonga obusuma, ugali wetu. Kilio kisicho na majina hatukihesabu kuwa kilio. Ni kelele tu.

Siku nilipoingia hivyo kumlilia binti yangu, walikuwapo vijana wa mradi wa kuhifadhi mila, wakiwa na mashine ya kunasa sauti. Mmoja wao alinifuata baadaye, akanieleza kwa adabu kwamba sauti yangu ingewekwa mahali ambapo watoto wetu wote wangeisikia, wakajijua kuwa wao ni nani. Nilimfikiria mtoto niliyekuwa nimembeba mgongoni, nikakubali. Nilisema moyoni: huyu hatamkumbuka mama yake, lakini atamsikia akiitwa.

Baada ya mazishi tulinyolewa nywele, kama ilivyo desturi. Wembe ukishapita, kilio cha marehemu huyo kimefungwa. Anayekirudia pasipo msiba anakiita kifo kingine nyumbani.

Miaka ikapita bila habari yoyote. Mwaka jana mjukuu aliingia jikoni mbio, simu mkononi, akiniita bibi kwa lugha yetu.

"Kukhu, ni wewe! Sikiliza, ni wewe!"

Nilikuwa mimi kweli. Niliisikia sauti yangu ya zamani, yenye nguvu ambayo sina tena tangu kikohozi kinishike, ikipanda kutoka barabarani. Ilipofika mahali pa majina, ikaruka, ikatua kwenye kiitikio, kisha ikaanza upya. Chini yake walikuwa wametia ngoma ambayo siku ile haikupigwa.

Mjukuu alinisomea maneno ambayo watu walikuwa wameandika. Mmoja aliyeko ng'ambo alisema amelia akiwa kazini. Mwingine alisema, "Hawa ndio sisi." Mwingine aliuliza kama huo ni wimbo wa harusi.

"Kukhu, na Mama yuko wapi hapa?" mjukuu akauliza.

Nilimwambia avae viatu.

Tulikwenda mjini Kakamega, kwenye ofisi ya mradi. Msichana aliyetupokea alinijua kwa sauti kabla sijamaliza salamu.

"Kukhu! Karibu sana! Wewe ni nyota siku hizi!"

"Nyota haiziki mtoto. Majina ya binti yangu yako wapi?"

Aliinamisha kichwa. "Tuliyaondoa, Kukhu. Majina ni ya familia, tulitaka kuwalinda. Tena bila majina, kila mtu anaweza kuuona wimbo kuwa wake."

"Ile sauti nzima iko wapi?"

"Mashine ya zamani ilijaa. Zile tulizokwisha kuzitengeneza zilibaki, nyingine zikafutwa." Kisha uso wake ukachangamka. "Lakini tuna chumba hapa, hakiingizi kelele. Unaweza kuimba tena hata sasa hivi."

"Nimlilie nani?"

"Binti yako."

"Kwa ajili yake nilikwisha kunyolewa. Wewe una mama?"

"Ninaye, Kukhu."

"Basi usiniombe niite mauti ndani ya nyumba unamofanyia kazi."

Hakuwa mtu mbaya. Alilia, na mjukuu wangu akalia. Niliwaacha walie.

Ilibaki njia moja ya mjukuu kumsikia mama yake akiitwa. Katika desturi yetu, anayemlilia jirani ana ruhusa ya kumtuma marehemu huyo kwa wafu wake mwenyewe: nenda, umfikie fulani, umwambie tunamsalimu. Hapo fulani huitwa kwa majina kamili, na si kosa. Lakini ni lazima jirani afe kwanza, nami sikumwombea mtu kufa. Nilingoja tu.

Akafa rafiki yangu wa upande wa Lubao, ambaye tuliuza kuku pamoja sokoni tangu ujana. Mimi na mjukuu tulipokaribia lango la boma lake, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika chini ya turubai. Wakaza wana wa marehemu walikuwa wameketi, wakiufuatisha wimbo kwa midomo.

"Zimeni hicho," nikasema.

"Lakini Kukhu, si ni wewe mwenyewe unaimba?" akasema mmoja. "Tena hapo hukohoi." Wenzake wakacheka, midomo wameifunika kwa leso.

"Hapo simlilii mama mkwe wenu. Nani kati yenu amemwita leo?"

Wakazima. Nilingoja mmoja wao aanze, nikatambua kwamba hawakujua alirithi jina la nani, wala mama yake alitoka ukoo gani.

Nikaanza mwenyewe. Nilimwita rafiki yangu kikamilifu, sikumpunguzia kitu. Kisha nikamtuma. "Nenda umfikie binti yangu," nikaimba, na mjukuu akasogea hadi bega lake likagusa langu. Nikataja jina la bibi. Nikataja ukoo wa baba. Nilipofungua kinywa kwa ukoo wa mama, ambao ni ukoo wangu mimi, sauti haikutoka. Kilitoka kikohozi, kikafuatwa na kingine. Wanawake ambao zamani wangenipokea wimbo hadi nipate pumzi wamekwisha kuzikwa wote. Wale wakaza wana walisimama wakitaka kunisaidia, lakini hawakuwa na jina la kutamka.

Ndipo mmoja wao, kwa nia njema ya kunisitiri, akawasha spika tena.

Majina yaliyobaki nimemtajia mjukuu wangu hapa nyumbani, kwa maneno makavu, kama mtu anayetaja vitu vya kununuliwa sokoni. Ameyashika yote, na nimemkataza kuyaandika hapa. Jana aliniuliza yalikuwa yakiimbwa vipi. Nilimwambia nimechoka, aende akaoshe vyombo.