Mwanamke Asiyekaa Matanga

Wenzangu, nimeombwa nieleze nilivyougua na nilivyopona. Neno kupona huwa nabishana nalo, lakini tuliache kwanza. Mimi ni Hawa Kiden, fundi cherehani wa hapa Koboko. Baadhi yenu mliwahi kuniita mwenye maringo. Nawaona, kaeni tu, sina kinyongo.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtoto wa askari, msichana aliyezaliwa baada ya wavulana, ndiyo maana ya jina Kiden. Sikucheza na wenzangu. Nilipenda cherehani ya mama. Niliifungua na kuifunga, na ukiniuliza habari zake nilikueleza mpaka ukakimbia. Kumwangalia mtu machoni kuliniunguza uso. Na salamu zetu mnazijua: za nyumbani, watoto, mbuzi, shamba, mvua. Mimi niliuliza moja nikaenda zangu. Baba alisema, "Huyu mutoto, akili yake iko nakimbia." Hakusema kwa ubaya.

Vita vilivyomng'oa rais vilipotufikia mwaka wa 1979, tulivuka mpaka tukaingia Zaire. Mama alibeba kichwa cha cherehani, mimi nikabeba chakula. Baba hatukumwona tena. Kambini watu walilala wamebanana, sufuria zikigongana tangu alfajiri, na kila mlio uliniingia kwenye meno. Nilijiuma kiganja mpaka kikatoa damu. Mama alinifunga kitambaa masikioni, wala hakuniuliza kwa nini. Ni yeye tu aliyenielewa, na hata yeye hakuwa na maneno ya kulieleza jambo hilo.

Tuliporudi Koboko niliolewa na Juma, muuza chumvi na sabuni, mtu mpole. Sasa nilikuwa mke wa mtu, na mke wa mtu hukaa matanga. Mtu akifa, wanawake wote huhamia pale, hulia, hupika, hulala kwenye mkeka. Usipokwenda kwa wenzako, nao hawaji kwako. Mama alikuwa ameanza kuugua kifua. Nilijua ipo siku nitawahitaji watu hao, na wazo hilo lilinikosesha raha.

Basi jirani yetu, Mama Sabiti, akafiwa na mama mkwe wake. Nikakabidhiwa sufuria ya maharagwe. Moshi, vilio, watoto, mapaja ya wanawake yakinigusa huku na huku. Ngozi yangu ikawaka kama nimepakwa pilipili. Mara nikakumbuka gauni nililoliacha halina mikono. Nikainuka, nikaenda nyumbani, nikashona. Maharagwe yakaungua, waombolezaji wakashinda na njaa.

Mama Sabiti alinifuata mpaka mlangoni. "Mutu nakufa kwangu, wewe nakuja shona nguo?"

Nikamjibu, "Gauni ilikuwa bado mikono."

Ndiyo, chekeni. Siku ile hakuna aliyecheka.

Tangu hapo nikifika kisimani maongezi yanakatika. Milango haikufungwa mbele yangu, ila hakuna aliyenikaribisha ndani. Nilijilazimisha kwenda matanga mengine, nikatapika kwenye mkeka. Wakasema nina mimba. Mimba ilipokosa kuonekana wakasema nina jini. Usingizi ukanikimbia, nywele zikakatika, chakula kikawa kama mchanga mdomoni. Nikaacha kusema. Nililala nyuma ya nyumba nikiutazama ukuta, na nasema wazi, nilijikojolea palepale kwa sababu kuinuka kulinishinda. Juma alinipeleka kwa shehe akanisomea. Sauti yake ilinituliza kweli, lakini nikirudi nyumbani zile kelele zilikuwa zinanisubiri.

Juma alichuchumaa kando yangu akasema, "Hawa, mimi nakupenda, lakini mimi hapana jua wewe iko wapi." Nilitaka kumwambia nipo hapa. Mdomo haukufunguka. Sijawahi kuwa mpweke kama saa ile, mume wangu akiwa ameushika mguu wangu.

Ni mama aliyesema nipelekwe Arua. Kule hospitali kulikuwa na muuguzi wa magonjwa ya akili, Sista Drateru, Mlugbara wa Aroi. Niliogopa kwamba nitafungiwa na wendawazimu. Hakunifungia. Hakukaa hata mbele yangu. Alikaa kando kwenye benchi, akatazama uani kama mimi, akaniona nikiziba masikio.

"Kelele naingia wewe wapi?" akauliza.

"Kwa meno."

"Halafu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza "halafu?" Nililia mpaka kamasi zikalowesha gauni.

Alinipa vidonge vya usingizi kwa muda mfupi, akavisimamisha. Dawa iliyobaki ilikuwa mazungumzo. Siku moja alinieleza bila kuzunguka: "Mimi hapana weza badilisha kichwa yako. Wewe nazaliwa hivyo. Sisi natafuta njia ya kuishi nayo." Nilikasirika! Nimesafiri kwa lori juu ya magunia ya tumbaku, nimekula vumbi toka Koboko, kumbe naambiwa tatizo haliondoki? Nilirudi hata hivyo, safari baada ya safari, kwa zaidi ya mwaka.

Jina la hali yangu hakuwa nalo. Siku hizi vijana wa kliniki wana majina, wanataja usonji na akili isiyotulia. Mimi na Sista tuliyafungua matanga kipande kimoja kimoja, kama mashine iliyogoma. Nini hasa kinauma? Haikuwa maiti wala huzuni. Ni mkeka, ni mlio, ni kutojua lini nitaruhusiwa kuondoka. Na nini ninakiweza? Kutembea. Kubeba. Akanifundisha kusema kabla ya kutoka, na kusema kwamba nitarudi. Tulifanya mazoezi, yeye akijifanya Mama Sabiti. Aliigiza vibaya sana, alifoka kama sajini, ndipo nikacheka.

Baadaye kaka yake Mama Sabiti akafa. Nilikwenda, nikasema mbele ya wote: "Mama Sabiti, mimi hapana weza kaa kwa mkeka. Kelele naumiza mimi. Nipe jerikani, mimi nachota maji. Nakwenda, nakuja."

Akanitazama. "Jerikani iko pale," akasema, akageuka.

Nilichota maji siku zote za matanga yale. Hakuna aliyenisemesha. Nilipita njia ya kisimani peke yangu, maji yakinimwagikia shingoni, na upweke ulikuwepo, ila sikuwa mgonjwa. Ndivyo nilivyofanya katika kila msiba uliofuata.

Ushauri wangu nautoa sasa, maana nikifika kwenye habari za mama sitaweza kuendelea. Ukiwa na mtu wa namna yangu nyumbani, usimwambie ana kiburi. Kaa kando yake, muulize, kisha muulize "halafu?" Na wewe uliye kama mimi, sema kabla hujatoka. Bado nakaa peke yangu kuliko nyinyi, bado naunguza maharagwe. Lakini nakula, nalala, nashona. Namshukuru Mungu, namshukuru Juma, namshukuru Sista.

Mama alifariki asubuhi, miaka ya tisini ikiwa imeanza. Mwenye msiba hachoti maji. Mwenye msiba hukaa katikati ya mkeka, wengine wakamzunguka. Nilikaa hapo na mwili wa mama, nikitazama njia, nikijiuliza kama kuna mtu atakayekuja. Niliogopa wasije, na niliogopa waje.

Walikuja kundi zima, wakipaza vilio tangu barabarani kama ilivyo desturi. Mwili wangu ukaanza kuwaka. Nikaziba masikio, nikatafuta pa kukimbilia. Ndipo nikamwona Mama Sabiti ameinua mikono miwili penye ua, amewasimamisha wote.

"Mwenye msiba, masikio yake naumiza yeye," akawaambia. "Sisi nalia pole pole."

Wakaingia mmoja mmoja, wakakaa mbali kidogo na mimi, wakalia kwa sauti ya chini kama watu wanaombembeleza mtoto alale. Nikatoa mikono masikioni. Nikamlilia mama yangu nikiwa katikati ya watu.