Salamu Nilizoziruka

Nyumbani kwetu Kigongo tulizungumza Kisukuma. Kiswahili nilikikuta shuleni, nikakisoma miaka minne, kisha nikarudi kulima na mama. Hapakuwa na mwingine anayejua kusoma pale kwetu, hivyo barua za kaka zikawa kazi yangu. Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, na kaka alikuwa anakata mkonge Tanga.

Kaka mwenyewe hakujua kuandika. Aliandikiwa na mzee mmoja wa huko pwani, na Kiswahili cha mzee yule hakikuwa kile cha mwalimu wetu. Barua ya kwanza ilinitoa jasho. Nilisoma neno moja nikalitafsiri, nikasoma la pili, na kila nisilolijua lilinisimamisha. Baba alinitazama tu. Nami nilikuwa msichana wa aibu, hata mbele ya watu wa nyumbani. Nilipofika mwisho hakuna aliyejua kaka anasema nini, wala mimi sikujua.

Baada ya hapo nikajiwekea utaratibu. Barua ikifika naiomba kwanza, naenda nayo nyuma ya ghala la mtama, naisoma kimya mpaka mwisho. Neno gumu naliacha, naendelea. Mara nyingi mstari wa mbele unaeleza kile lilichotaka kusema. Halafu najiuliza kaka ni mtu wa namna gani, na wakati huu wa mwaka anaweza kuwa na haja gani. Nikishalipata jambo, narudi ndani na kulieleza kwa Kisukuma, si neno kwa neno.

Salamu nilikuwa naziruka. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu: hali yangu ni njema, hofu na mashaka ni juu yenu, wasalimuni wakubwa kwa wadogo. Kila barua ilikuwa hivyo hivyo. Shughuli ilianzia penye "ama baada ya salamu," nami niliyatafuta maneno hayo kwa kidole. Baba alifurahi. Alisema siku hizi barua za mwanawe zina maana.

Mwaka mmoja ikaja barua kwamba kaka atarudi wakati wa kuchuma pamba. Niliwaeleza hivyo, ikaisha. Baba akavuka ziwa kwenda Busisi, kwenye nyumba aliyokuwa ameiangalia siku nyingi, akamposea kaka binti. Wakakubaliana ng'ombe. Ilibaki kuwavusha.

Siku moja kabla ya kuwavusha, nilikuwa nimekaa na barua ileile. Tulikuwa hatuna kitabu nyumbani, kwa hiyo nilizirudia barua ili Kiswahili kisinipotee. Safari hii nilianza juu kabisa, kwa sababu maneno ya chini nilikuwa nimeshayajua kwa moyo. Katikati ya salamu, baada ya hofu na mashaka, mzee wa pwani alikuwa ameandika: "Mke wangu naye awasalimu sana, na mtoto wetu ameanza kukaa."

Nilirudia mara tatu. Hapakuwa na neno gumu hata moja.

Baba alikuwa zizini na baba mdogo, wanachagua ng'ombe wa kwenda. Nilisimama nje ya ua wa miiba. Nilitaka mama aniulize nina nini ili yeye ndiye amwambie baba, lakini mama alikuwa mtoni.

"Unataka nini?" baba akauliza.

"Ni barua, baba."

"Imekuja nyingine?"

"Ni ileile. Kuna mahali sikusoma."

Baba mdogo akacheka. "Miaka minne shuleni, na kuna mahali hakusoma. Mngemwacha achunge ndama."

Nikasoma mstari ule kwa Kiswahili, kisha nikausema kwa Kisukuma. Baba akaniambia nirudie. Nikarudia. Baba mdogo akaacha kucheka.

"Kaka yako ameniambia mimi haya kwenye salamu?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Nawe ukaona salamu hazina kitu."

Akamgeukia baba mdogo, akamwambia awaachie ng'ombe waende malishoni pamoja na wengine. Alinikalisha chini pale pale kwenye kinyesi kikavu, nikamsomea ukurasa wa kwanza wote, kila aliyesalimiwa na kila aliyesalimu. Nilipokwama kwenye neno hakuniharakisha. Nilipotaka kuruka aliniwekea mkono kwenye karatasi, yeye asiyejua herufi hata moja.

"Aliona haya," baba mdogo akasema. "Kaogopa kulisema wazi."

"Aliona haya," baba akaitikia. "Na huyu naye anaona haya. Nimezaa watu wa kujificha."

Kesho yake alivuka Busisi bila ng'ombe, kwenda kuomba radhi. Alirudi amechoka, hakusimulia alivyopokewa. Wale watu hawakutusalimu gulioni mwaka mzima.

Jioni ile aliyorudi Busisi, kabla jua halijazama, alinitaka niandike majibu. Mimi naandika polepole. Ilinichukua siku mbili. Nilidhani ataanza na lawama. Alisema niulize kwanza mtoto ni wa kiume au wa kike, na kama ana jina tayari, au wamemwachia babu yake alichague.