Viti vya Gari Jingine

Thérèse hakumwamini fundi Nitin hata kabla hajamwona. Aliyemwelekeza ni Mama Armelle, mwenzake wa kikundi cha maombi, aliyemwambia kwamba nyuma ya maduka ya Kenton yuko Mhindi aliyezaliwa Kisumu, anasema Kiswahili, na hakuna gari linalomshinda. Sifa zote hizo zilimtia shaka. Fundi mzuri namna hiyo, mbona gereji yake iko uchochoroni?

Lakini mgongo wake haukumpa nafasi ya kuchagua. Kutwa nzima alizunguka Harrow na Wembley katika kigari chake, akiwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao. Sponji ya kiti cha dereva ilikuwa imekwisha kabisa, hata akawa anakalia chuma na mto wa kitandani. Jeff, msimamizi wake, alikwisha kumwambia waziwazi kwamba mfanyakazi asiye na gari hapewi wazee wa majumbani. Zamu zake atapewa mwingine. Na jioni ya Jumamosi hiyo, bibi mmoja wa Harrow, asiyeweza kujiinua kitandani, alikuwa akimngojea. Gari lilipaswa kuwa limetoka gereji kabla ya hapo.

Alipofika gereji, alimkuta Nitin ameviweka juu ya maboksi viti viwili vyeusi vya kuwekwa badala ya vile vya zamani. Vilikuwa vizuri kupita kiasi.

"Papa Nitin, hivi viti viko vya gari gani?"

"Gari ya kampuni hiyo hiyo, mama, lakini kubwa kidogo. Vya gari kama yako vyote vimechoka kama chako."

"Na mwenyewe iko wapi?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye gari. Alikufa mu hii gari?"

Nitin akaweka spana chini. "Mama, unaniuliza kama polisi! Gari iligongwa nyuma ikiwa imesimama, hakuna mtu ndani. Kunywa chai."

Chai ilikuwa ya maziwa, yenye tangawizi, na ilinukia vizuri. Thérèse akasema amefunga. Hakuwa amefunga. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani, akaamua kutazama kila bolti ikitoka na kila bolti ikiingia.

Nitin akafungua betri kwanza, akangoja, kwa sababu chini ya kiti hupita waya wa njano wa mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga, na waya huo hauchezewi. Akakitoa kiti cha abiria. Alipoanza kulegeza cha dereva, simu ya Thérèse ikalia. Alikuwa Jeff, akitaka kujua kama jioni atafika au amtafute mtu mwingine.

"Nitafika," akasema Thérèse, akiwa ametoka nje ili asikie vizuri.

Aliporudi, kiti cha dereva kilikuwa kimekwisha kung'olewa, na Nitin alikuwa kwenye sinki akinawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni. Akainawa tena.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Tangu hapo fundi akafanya kazi bila kumtazama. Dakika zile chache za simu zilimkaa Thérèse rohoni. Kitu kimefanyika, akajiambia, na kimefanyika nikiwa nimempa mgongo.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Matundu ya mbele ya kiti kipya yalikubali sakafu ya gari, lakini ya nyuma yaliikosa kwa upana wa vidole viwili. Nitin akakata vipande vya chuma kinene, akavitoboa, akavifunga viwe daraja kati ya reli za kiti na sakafu. Akavua vifungio vya mikanda kwenye viti vya zamani na kuvihamishia kwenye vipya, akaunganisha waya wa njano, kisha akasukuma kila kiti kwa bega lake zima. Havikutikisika. Alipowasha gari, taa nyekundu ya mfuko wa hewa iliwaka kwenye dashibodi, na wote wawili wakaikodolea macho. Ikazimika.

"Ingia, mama. Jaribu."

Thérèse akaketi, na kiti kikampokea mgongo wake wote, kuanzia kiunoni hadi mabegani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitaka kutabasamu. Ila miguu haikufika vizuri kwenye pedeli, kwa hiyo akaingiza mkono chini kutafuta wenzo wa kukivuta kiti mbele. Vidole vikagusa kitu cha baridi.

Akakivuta. Ilikuwa ndimu, imetungwa kwa uzi mweusi pamoja na pilipili mbichi.

Alitoka garini kama aliyeumwa na siafu. "Nilijua! Ni dawa gani hii umeniwekea? Unataka nigonge mutu? Unataka kazi yangu ipotee? Mimi niko mutu wa Mungu!"

"Ngoja, mama..."

"Singoji! Toa!"

"Mimi ndio naogopa wewe!" Nitin naye akapaza sauti. Akachukua koleo, akaenda pembeni, akarudi ameshika kwa ncha ya koleo kifurushi cha kitambaa cheupe. "Hii ilikuwa chini ya kiti yako. Chumvi na chupa ya mafuta. Nimekaa na hii kitu mchana wote, mikono inaniwasha!"

Thérèse akakitazama kifurushi, na hasira ikamwishia mdomoni. Alikuwa amekisahau. Siku aliponunua gari, Mama Armelle alikiweka yeye mwenyewe pale chini, baada ya mchungaji kukiombea.

"Ile ni chumvi ya maombi," akasema.

"Na hii ni ndimu ya mama yangu. Yeye alitundika kwa kila gari, na ingine alikanyagisha tairi, kule Kisumu na hapa."

"Ya kufukuza nini?"

"Jicho mbaya."

"Jicho ya nani?"

"Yako, mama," akasema Nitin.

Kicheko kilimtoka Thérèse kabla hajakizuia, lakini akakikata haraka. Akanyoosha mkono. Nitin akamsogezea kifurushi kwa koleo, bado hataki kukigusa, naye akakirudisha chini ya kiti. Fundi akaikata ndimu kutoka kwenye uzi. Hakuitupa. Thérèse aliona wazi kwamba hakuitupa, ila saa ilikuwa inakwenda.

Nitin akachuchumaa karibu na gurudumu la mbele, kama mtu anayekagua upepo.

"Sasa nenda, mama. Pole pole."

Gari lilipoanza kusogea, kitu kikapasuka chini ya tairi, na harufu kali ya ndimu ikaingia dirishani. Mguu wa Thérèse ukaruka kwenye breki. Kwenye kioo alimwona Nitin amefunga mikono nyuma, anatazama mawingu. Akamwaza bibi wa Harrow, na simu ya Jeff. Akakanyaga mafuta.

Kwenye taa za kwanza, gari liliposimama, aliingiza mkono chini ya kiti. Chumvi yake ilikuwapo. Akapapasa tena, huku na huku, kuhakikisha iko peke yake.