Maganda ya Mpunga Juu ya Barafu

Barafu ya nyotamkia inapopata joto la jua na kugeuka mvuke bila kupitia maji, vumbi lililoganda ndani yake hujinasuaje? Punje hizo zimeshikana kwa nguvu kuliko msukumo wa mvuke ule dhaifu. Kwa hesabu zangu zingebaki pale pale, gamba juu ya gamba, hadi barafu iliyo chini yake ishindwe kutoa mvuke. Lakini huruka. Nimebeba swali hilo tangu chuo kikuu, na sina jibu.

Mwaka huu nilijaribu kwa mara ya mwisho, kabla profesa anayesimamia tasnifu yangu hajastaafu. Dada yangu mkubwa, muuza samaki aina ya mikebuka kwenye bandari ya Kalundu, alinipa kona ya frigo yake ya samaki. Niligandisha humo vibonge vya maji na vumbi la barabara ya Luberizi. Wiki baada ya wiki barafu ilipungua bila kulowa, ikaacha juu yake gamba jepesi lenye vitundu. Nilikuwa nikilichungulia kwa kioo cha kukuzia huku nimezuia pumzi, lisije likaanguka.

Wiki ya saba nilikwenda Mutarule kumzika mjomba. Umeme ukakatika siku mbili. Niliporudi na kufungua frigo, vibonge vyangu vilikuwa vimefukiwa kwa maganda ya mpunga.

“Nilikuokolea barafu, mudogo wangu!” dada alisema. “Samaki nilipeleka kwa jirani. Yako miye nikaifunika muzuri, sawa vile wachukuzi wanafunikaka barafu ya bandarini.”

“Yaya, na lile vumbi la juu?” nilimwuliza dada.

“Uchafu ile? Nilipanguza kwanza. Weye mutu wa masomo, barafu unaipaka vumbi!”

Alicheka. Sikuweza kumkemea, alikuwa ameitunza barafu yangu kama anavyotunza mali yake. Na ilikuwa ingalipo, karibu yote. Kwamba gamba nene huikinga barafu, wachukuzi wa Kalundu wanalijua bila tasnifu. Mimi nilitaka kuona jinsi gamba linavyovunjika, na gamba lilikwisha kufutwa kwa kitambaa. Baada ya wiki saba nyingine profesa hatakuwepo, na umeme utakatika tena. Jioni hiyo niliamua kuacha.

Asubuhi nilimwandikia profesa mistari miwili. Nikamwaga vibonge uani, vikawa tope. Kisha nikasugua kona yangu kwa sabuni hadi ikafanana na kona nyingine, na yaya akaanza kunipokeza samaki.